Kadi ya RAID inazingua? Soma dalili kwanza, ya kununua nyingine yatafuata

Ikifika mwezi wa tisa na wa kumi hapa Tabora, kabla mvua hazijaanza, simu za seva zinakuwa nyingi. Joto limepanda, vumbi limeingia mpaka ndani ya chasisi, umeme unaondoka na kurudi bila hodi, halafu mtu anakupigia anakwambia kadi ya RAID, ile inayounganisha diski kadhaa zifanye kazi kama moja, imekufa na anaomba namba ya muuzaji wa Kariakoo. Mi nasema hivi, kadi ndo ya mwisho kuhukumiwa. Kontrola, yani kadi yenyewe, imekaa katikati ya kila kitu, huku kuna diski, waya, pawa na betri, huku kuna draiva na mfumo wenyewe, kwa hiyo yeyote kati ya hao akivuruga, kelele inatokea kwenye kadi. Ukinunua nyingine wakati shida ni waya wa bei chee utaifunga, itatulia kidogo, halafu ngoma inarudi palepale na hela imeshaenda.

Kabla hujagusa kitu

Kama data bado inasomeka, hata kama volyumu (zile diski zilizounganishwa) imeandikwa Degraded, yani imepungukiwa diski, anza kukopi vitu vya muhimu kwenda diski ya nje sasa hivi, sio baada ya chai. Usizime na kuwasha mashine kwa majaribio, maana diski iliyochoka ikisimama kuzunguka inaweza isiamke tena. Usichomoe diski kuona itakuwaje. Na ile kengele ya kwenye kadi inawachanganya sana watu wa ofisini, kuna mhasibu alinipigia, "Fundi, mashine inalia tangu asubuhi, bosi kasema niizime ukutani." Nikamwambia, "Hapana dada, iache ilie, nakuja." Kengele inanyamazishwa kwa amri tu, mashine ikiwa inaendelea na kazi:

`storcli /c0 set alarm=silence`

Halafu vuta taarifa zote uziweke kwenye flashi kabla hujafanya kingine:

`storcli /c0 show all`
`storcli /c0/eall/sall show all`
`storcli /c0 show events file=/root/matukio.txt`

Hizo ni za ukoo wa LSI, ambao sa hivi uko chini ya Broadcom. Dell PERC wana perccli, amri ni zilezile kwa sababu chipu za ndani ni za ukoo huohuo. HP Smart Array ni ssacli, Adaptec ni arcconf. Ukisoma matukio angalia saa, mashine ikiwa ndo inawaka kadi inaandika sekunde tangu iwake mpaka draiva iipe saa kamili, sasa usije ukapanga matukio kinyumenyume.

Kwenye orodha ya diski kuna mistari mitatu ya kukodolea macho. Media Error Count ikipanda ni sahani ya diski yenyewe imeanza kuharibika. Other Error Count ikipanda huku Media iko sifuri, mara nyingi kosa liko njiani, waya au ile bodi ya nyuma diski zinapochomekwa. Predictive Failure Count ikishakuwa zaidi ya sifuri, diski imeshaaga, we tafuta nyingine.

Diski inatupwa nje, ukiirudisha inakubali, baada ya muda inatoka tena

Hii ndo dalili inayouzisha kadi nyingi bila sababu. Swali la kwanza: inayotoka ni diski ileile, au ni nafasi ileile bila kujali imewekwa diski gani, au ni yoyote tu kila mara? Diski ileile, mshukiwa ni diski. Nafasi ileile, ni waya au bodi ya nyuma. Ovyo ovyo, ni pawa, joto au kadi yenyewe. Kama volyumu iko Optimal, yani nzima, na kadi ni MegaRAID (ya LSI) au PERC, unaweza kuzima mashine, ukaweka lebo kila diski, ukaibadilisha hiyo nafasi na jirani yake, kwa sababu hizo kadi zinasoma mpangilio kutoka kwenye diski zenyewe. Volyumu ikiwa hoi usifanye huo mchezo, badilisha waya tu basi.

Diski ikiwa ndo mshukiwa, cheki kama ni ya kompyuta ya mezani. Diski za mezani zikikutana na sekta mbovu zinang'ang'ana nayo muda mrefu, inaweza hata kupita dakika, kwa sababu zimetengenezwa zikijua hamna mwenzao wa kuwasaidia. Kontrola haina subira hiyo, inasubiri sekunde chache, haijibiwi, inaitangaza imekufa. Ndo maana ukiipima baadaye unaikuta nzima! Diski za NAS (mashine ya kuhifadhi mafaili kwenye mtandao) na za seva zinakubali kushindwa kwenye sekunde 7 hivi na kumwachia kontrola atengeneze hiyo sekta kutoka kwa wenzake. Kupima:

`smartctl -d megaraid,4 -l scterc /dev/sda`

Hiyo 4 ni namba ya diski kwa kadi, iko kwenye safu ya DID. Ikikujibu 70 maana yake sekunde 7.0. Ikikujibu haijawezeshwa au haiungi mkono, umeshampata mchawi. Kuna ambazo unaweza kuziwekea kwa `-l scterc,70,70`, ila nyingi zinasahau ukizima umeme, na kwa umeme wetu huu utaandika hiyo amri mpaka uchoke.

Kingine ni diski za SMR, zile zinazoandika mistari ya data ikiwa imelaliana kama vigae. Kwa matumizi ya kawaida hutagundua, lakini wakati wa kuijenga upya volyumu zinaandikwa mfululizo, zinazidiwa, zinanyamaza, kontrola inazitoa. Mwaka 2020 Western Digital walikiri kwamba baadhi ya WD Red za TB 2 mpaka 6, zenye EFAX kwenye jina la modeli, ni SMR, na zile ziliuzwa kama diski za NAS. Kwa hiyo usisome rangi ya stika, soma modeli kamili.

Kwa diski za SATA angalia pia namba za SMART, ile ripoti ya afya ambayo diski inajiandikia. 5 na 197 zikipanda ni sahani. 199 ikipanda ni mawasiliano, yani waya. Hiyo 199 haishuki hata ukibadilisha waya, kwa hiyo iandike ilivyo leo, rudi baada ya siku kadhaa uone kama imesogea. Kwa diski za SAS, zile za seva, tumia `smartctl -l sasphy` uone makosa ya kila njia.

Diski zilizotolewa kwenye mashine za kamera au kwenye seva za watu ziko nyingi sokoni, sio mbaya moja kwa moja, ila angalia Power_On_Hours kabla hujalipa. Masaa 50,000 ni zaidi ya miaka mitano na nusu ya kuzunguka bila kulala.

Diski mbili au zaidi zinatoka dakika moja

Diski hazifi kwa makubaliano. Zikitoka pamoja tafuta kitu wanachoshirikiana. Waya mmoja wa SFF-8087 unabeba njia nne, yani diski nne, ukilegea kidogo tu zote nne zinapepesa. Kile kigawanyio cha pawa, waya mmoja unaotoa vichwa vinne, ni mshukiwa wangu namba moja kwenye mashine za kuunganisha wenyewe, shika plastiki yake uone kama imebadilika rangi au imelainika. Pawa saplai dhaifu nayo inajionyesha wakati wa kuwasha, kwa sababu diski zote zinaanza kuzunguka kwa mpigo na volti 12 inashuka. Kadi nyingi zinaruhusu diski ziamke kwa zamu, weka hivyo.

Sasa hapa ndo pa kwenda taratibu. Ukirekebisha waya na kuwasha, kadi itakwambia imeona Foreign Configuration, yani mpangilio ulio kwenye diski ambao kadi haijaupokea, inakupa Import (kuuingiza) na Clear (kuufuta). Watu wanaona neno geni wanabonyeza Clear wasafishe, na hapo ndo wanafuta mpangilio wao. Angalia kwanza onyesho la kabla ya kuingiza, ukiona volyumu yako iko kamili, Import.

Kwa RAID 5, inayovumilia kufa kwa diski moja tu, ikipoteza mbili kuna ujanja mmoja tu wa maana, nao ni kujua nani alitoka kwanza. Logi inasema. Aliyetoka kwanza ana data ya zamani, maana wenzake waliendelea kuandika bila yeye. Aliyetoka wa pili ndo yuko karibu na hali ya mwisho, huyo ndo wa kurudishwa hewani kwa nguvu, na wa kwanza ajengwe upya baadaye. Ukiwachanganya, volyumu itafunguka vizuri kabisa halafu mafaili yanaanza kutoa takataka. Kama data hiyo haina bakapu popote, usilazimishe kitu, toa diski zote, chukua nakala ya kila moja kwa ddrescue (programu ya kukopi diski mbovu), chezea nakala.

Mashine imekuwa nzito ghafla, kusoma fresh, kuandika kinyonga

Betri. Karibu kila mara ni betri. Kadi zenye keshi zinapokea data kwenye RAM yake, zinakujibu "tayari" na kuandika kwenye diski baadaye, hiyo kwenye kadi imeandikwa WB (write back). Betri ikichoka, kadi inajihami, inahamia WT (write through), inasubiri mpaka diski iandike kweli ndo ijibu. Haijaharibika, inakulinda. Cheki:

`storcli /c0/bbu show all`
`storcli /c0/cv show all`

Ya kwanza ni ya betri, ya pili ni ya kapasita. Kuna pia ule mzunguko wa kadi kujipima betri, kwenye kadi za zamani unakuja kila siku 90 hivi, inaimaliza chaji na kuijaza tena, na muda huo wote kuandika kunakuwa polepole. Kama uzito unakuja na kuondoka wenyewe kila baada ya miezi, ndo huo.

Betri hizi za lithiamu haziwezi joto. Nimezitoa zimevimba mpaka kifuniko cha plastiki kimepasuka katikati, ukiona hivyo usiibonyeze wala kuitoboa, itoe taratibu, weka nje mbali na vitu vinavyoshika moto. Na kuna mpangilio wa kulazimisha WB hata bila betri, unaitwa AWB, fundi mmoja akishaugundua anamwambia mwenzie. Kwa umeme wa kwetu achana nao. Ukikatika, kilichokuwa kwenye keshi kimeondoka, na mfumo unaamini kilishaandikwa.

Kadi inapotea, mashine inaganda, ikipoa inarudi

Joto. Kadi hizi hazina feni, zina kipande cha alumini tu, kwa sababu zimetengenezwa kukaa kwenye seva yenye feni za mbele zinazopuliza kama upepo wa treni ikipita. We umeichomeka kwenye tawa ya mezani, chini ya kadi ya picha, ndani ya stoo isiyo na AC na dirisha limefungwa kwa kuogopa wezi. Kwenye `show all` kuna ROC temperature, hiyo ndo joto la chipu ya kadi. Binafsi ikikaa juu ya 90 naanza kuhangaika hata kama kadi yenyewe haijalalamika. Kwenye Linux dmesg, logi ya mfumo, itakuwa na draiva megaraid_sas inasema FW (fimwea, programu iliyo ndani ya kadi) iko FAULT na inaiwasha upya.

Toa mashine nje, puliza vumbi, ila shika mapanga ya feni yasizunguke wakati unapuliza. Fungua alumini, futa ile pesti iliyokauka, weka mpya. Funga feni ndogo ya milimita 40 juu yake, hata kwa zile tai za plastiki inatosha. Safisha meno ya kadi kwa spiriti, ichomeke kwenye sloti nyingine. Mara nyingi kesi inaishia hapo, na mimi nafanya hii hata kama dalili zinaonyesha kitu kingine, maana vumbi la huku halina cha kadi ya nani.

Umebadilisha mfumo, kadi haionekani

Andika `lspci -k`. Kadi ikiwepo kwenye orodha lakini haina draiva, kadi ni nzima. RHEL 8 (Linux ya Red Hat) na ndugu yake Rocky waliondoa msaada wa kadi nyingi za zamani zikiwemo za chipu ya SAS2008, lakini ELRepo, hazina ya draiva ya watu wa nje, wanatoa draiva zake. Isipokuwepo kabisa, jaribu sloti nyingine au mashine nyingine. Kadi za Dell kama PERC H310 kwenye bodi za mezani zinaweza hata kuzuia mashine isiwake, dawa inayojulikana ni kufunika meno B5 na B6 kwa kipande cha tepu. Inaonekana kama uganga lakini inafanya kazi, ni njia za SMBus zinazogombana na bodi.

Fimwea mpya mi naiweka mwisho, bakapu iko mkononi na UPS ina chaji. Umeme ukikatika katikati ya kuandika fimwea, hapo kweli kadi imekufa.

Sasa kadi ndo mbovu kweli

Ukiona inapowaka inaandika multibit ECC errors, hiyo ni RAM yake imeharibika. Au imeshapoozwa, waya mpya, pawa mpya, bado inaingia FAULT. Au umeihamishia mashine nyingine na makosa yamehama nayo. Hapo nunua.

Swali la kujiuliza dukani sio kasi, ni siku hii ikifa nitakuwa wapi. Tabora kadi hazikai kwenye maduka, unaagiza Dar, inapakiwa kwenye basi, na ile ofisi inakaa bila mafaili mpaka mzigo ufike, hapo kama muuzaji anayo. Na ukiwa na RAID ya kadi lazima upate kadi ya ukoo uleule, ya HP Smart Array haitasoma diski zilizopangwa na MegaRAID, na hata ndani ya ukoo mmoja kutoka kadi ya zamani kwenda mpya kwa kawaida inakubali, kurudi nyuma usitegemee.

Kwa hiyo kwa ofisi nyingi za huku, zenye seva moja ya Linux na diski nne mpaka nane, nashauri uachane na RAID ya kadi. Chukua HBA ya kawaida, inayopitisha diski kama zilivyo, halafu RAID ifanywe na mdadm au ZFS, yani programu badala ya kadi. Kadi ikifa unachomeka diski kwenye mashine yoyote yenye Linux na nafasi za kutosha, `mdadm --assemble --scan`, kazi inaendelea. Zikiwa diski nne tu, hata HBA huhitaji, tumia SATA za kwenye bodi, ila ile RAID inayowashwa kwenye BIOS ya bodi iache, inakufunga kwenye bodi halafu haina hata keshi.

Za kutafuta ni 9211-8i yenye SAS2008, 9207-8i yenye SAS2308, au 9300-8i yenye SAS3008 kama hela ipo. Zote ziwe na fimwea ya IT, ile ya kupitisha diski bila RAID, kwa hizi mbili za kwanza P20, toleo 20.00.07.00, pima kwa `sas2flash -listall`. Waya za 92xx hizi ni SFF-8087, za 9300 ni SFF-8643, haziingiliani, na hakuna kitu kinauma kama kadi kufika na basi bila waya wake. Ukipewa yenye chipu ya SAS1068E kwa bei ya kutupa, kweli itupe, inaishia diski za TB 2. ZFS isiwekwe juu ya kadi ya RAID kwa ule ujanja wa kufanya kila diski RAID 0 yake, unabaki na utumwa uleule wa kadi.

Kama unaendesha ESXi, mfumo wa VMware wa kuendesha mashine pepe, hapo huna ujanja, haina RAID ya programu, nunua kadi ya ukoo uleule na chagua yenye kapasita badala ya betri. Kapasita inashika pawa muda wa kutosha kadi ihamishe keshi kwenye flashi yake, baada ya hapo umeme hata usiporudi wiki nzima data ipo, wakati betri inashikilia siku mbili tatu tu.

Kuhama kutoka RAID ya kadi kwenda HBA sio kuchomoa na kuchomeka, ni bakapu, kupanga upya, kurudisha. Na ukipanga upya diski kubwa, achana na RAID 5. Diski nyingi za mezani zinatajwa kukosea biti moja katika kila 10^14, ambayo ni kama TB 12.5 za kusoma, sasa ukijenga upya diski nne za TB 8 unasoma TB 24 kutoka kwa tatu zilizobaki. Hapo biti ikikosewa, RAID 5 haina akiba ya kuitengeneza tena. Weka RAID 6 au RAID 10.

Kabla hujarudisha data, endesha `smartctl -t long` kwa kila diski, halafu chomoa moja makusudi uone mfumo unafanyaje. Andika serial namba ya kila diski kwa maka mbele ya trei yake. Weka MAILADDR kwenye mdadm.conf na utume jaribio:

`mdadm --monitor --scan --test --oneshot`

Barua pepe isipofika, tengeneza hiyo kwanza ndo ufunge chasisi, maana mdadm haina kengele ya kumsumbua mhasibu.